Darasa la Nne ao la Tano

Kwetu, siku ya kufunga mwaka wa shule, mama haendi shuleni mikono mitupu. Anabeba poda. Ni poda ya kawaida tu, ile ya watoto wachanga, ya kopo. Anaificha ndani ya kitenge, anakaa kwenye benchi na wazazi wenzake, anangoja jina la mtoto wake. Direkteri, mkuu wa shule, anasoma kwa sauti mbele ya watu wote: wa kwanza fulani, asilimia themanini na ngapi, wa pili fulani, wa tatu fulani. Anashuka pole pole hivyo hivyo mpaka anafika kwa wale ambao majina yao yanasomwa watu wakiangalia chini. Siku hiyo tunaiita proklamasio. Mtoto akisomwa kwamba amepita, mama anaruka, anapiga vigelegele, anammwagia poda kichwani, shingoni, mgongoni, mpaka mtoto anakuwa mweupe kama fundi wa mashine ya unga. Anatembea hivyo njia nzima mpaka nyumbani na hakuna wa kumwuliza kimempata nini.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kivu ya Kusini, juu ya milima inayotazama ziwa. Miaka mingi nilikaa upande wa meza, nikihesabu alama za watoto wa watu. Mwaka wetu wa mwisho kule nilikaa upande wa benchi pia, maana binti yangu alikuwa anamaliza darasa la tano kwa mwalimu mwenzangu, na akasomwa wa kwanza. Nilimwaga kopo zima. Baba yake akanikaripia, eti naharibu poda. Baba yake sitamzungumzia kirefu, nikianza sitamaliza. Vita vilipopanda mlima tulimwacha ndani ya udongo wa kule, na mimi na binti tukashika njia.

Ndiyo tukafika Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda. Walitupa kiwanja upande wa Juru, turubai, jembe na mbegu. Nilijifunza kulima maharagwe kwa uzito ambao sikuwahi kulima nao, kwa sababu kwetu kulima kulikuwa kazi ya jioni, na hapa kulikuwa kazi yote. Asubuhi, saa ambayo watoto wa darasa langu walikuwa wanasimama wote pamoja kunisalimia, mimi nilikuwa nimeinama kwenye mfereji. Nilikuwa nakumbuka vumbi la chaki kwenye vidole mpaka mikono inaniwasha. Watu walikuwa wanalilia ng'ombe, nyumba za bati, mashamba. Mimi nilikuwa nalilia tablo. Nilimwambia jirani yangu, mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, mwenye mdomo kunishinda hata mimi, akacheka: "Mama, wewe uko na kichaa. Nani analilia ubao?"

Basi nikampeleka binti shuleni. Mwalimu aliyempokea alimwuliza maswali kwa Kiingereza, naye akajibu kwa Kifaransa safi, kwa adabu, mikono nyuma kama tulivyomfundisha. Mwalimu akaniangalia kwa huruma. Akampeleka darasa la pili.

Narudia: la pili! Mtoto wa miaka kumi na tatu, mrefu kunipita, akaketishwa kati ya watoto wanaong'oka meno ya utoto. Benchi lilikuwa fupi, magoti yake yaligonga ubao wa mbele, akawa anakaa upande upande. Wale wadogo walimpenda tangu siku ya kwanza, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa yenyewe, maana walimwita mama. "Maama, nifunge kifungo." "Maama, huyu amenifinya." Jioni alifika nyumbani akatupa mfuko wake chini.

"Mama, mimi sitarudia kule. Nikirudia, ni kwa kufundisha, hapana kwa kusoma."

Nilimwambia avumilie. Lakini niliogopa, na nilikuwa na sababu. Wasichana wa umri wake kule Juru walikuwa wanaacha shule kwa jambo hilo hilo. Waliorudishwa chini sana waliona haya, wakashika jembe, na baada ya jembe wakashikwa na wanaume. Nilikuwa nawaona wakipita na matumbo, watoto wenyewe. Kwa hiyo mtu asiniambie lilikuwa jambo la darasa tu. Kila siku aliyokaa kwenye lile benchi fupi ilikuwa inamsogeza karibu na mlango. Nilitaka apandishwe, na apandishwe upesi, kabla hajachoka.

Na nilikuwa na uhakika namna itakavyokuwa. Nilimwambia: "Ngojea proklamasio. Watakusoma wa kwanza mbele ya watu. Wakisikia alama zako, wataona haya wenyewe, watakupandisha." Akaniamini. Alikaa upande upande muhula mzima, akafunga vifungo vya watu, akangoja.

Siku yenyewe ilipofika, akina mama wa Juru tulikuwa tumejipanga. Maduka ya Misiera, senta ya karibu, yalikuwa yameishiwa poda. Muuza duka alituuliza kama kuna ugonjwa wa ngozi. Tukaenda tumevaa vitenge vizuri, tukakaa. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa Kinyankore, kabila la wenyeji wa hapo, mfupi, mwenye koti jeusi, mtu wa Mbarara. Miaka ile mtaala mpya wa madarasa ya chini ulikuwa bado mgeni. Walimu wengi waliuchukua wakaendelea kufanya mambo yao ya zamani. Yeye hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo huko Mbarara, na alilolichukua alilishika kwa meno.

Akawaita watoto wa madarasa ya chini mmoja mmoja, akampa kila mmoja karatasi yake kimya kimya, akampa mkono. Basi. Akasema asante, mwende salama.

Hakuna aliyesimama. Tulifikiri amesahau. Jirani yangu wa sombe ndiye aliyeuliza.

"Na wa kwanza ni nani?"

"Hapa hakuna wa kwanza," mwalimu mkuu akasema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni na cha askari, lakini alikisema bila haya. "Iko ile mtoto anaweza kufanya, na iko ile bado. Mimi naandika hiyo."

"Sawa. Na wenye balianguka ni banani?"

"Hakuna kuanguka."

Akina mama wakaangaliana. Jirani yangu akafikiri kidogo, na uso wake ukafunguka. "Basi, kama hakuna mwenye alianguka, bote balipita!"

Weee! Makopo yakatoka. Sijawahi kuona kitu kile maishani. Kwetu poda inamwagwa kwa watoto wachache, mmoja hapa mmoja pale. Siku ile ilimwagwa kwa shule nzima kwa mara moja. Vigelegele vikapanda, watoto wa Kinyankore wakakimbia wakipiga kelele, wengine wakarudi wenyewe kuomba wamwagiwe na wao. Na kwa kuwa kwetu mwalimu aliyepitisha watoto naye anapewa heshima yake, jirani yangu akamjia mwalimu mkuu kwa nyuma, kwa mapenzi yote, akammalizia kopo kichwani.

"Banange!" Alishtuka, koti jeusi limekuwa jeupe. "Nini hii? Nyinyi watu ya Congo mnanitupia dawa?"

Akina mama wakashusha makopo. Nikaona jambo linataka kuharibika, nikasimama. Mimi peke yangu nilikuwa sijafungua kopo langu. Nilikuwa nimekasirika mno, maana karatasi ya binti yangu haikuwa na namba hata moja. Nikamweleza kwamba si dawa wala si matusi, ni furaha, ni desturi yetu. Alinisikiliza akipangusa kope. Kisha akaniuliza nimejulia wapi kueleza hivyo, na hapo nikashindwa kujizuia.

"Mimi ni mwalimu," nikasema. "Na mtoto wangu alikuwa wa kwanza katika darasa la tano. Asilimia themanini na mbili. Nyinyi mmemweka na watoto wachanga."

"Wa kwanza kati ya nani?"

"Kati ya darasa lake!"

"Sawa, nyabo. Lakini mimi sijui hiyo darasa yake. Kama wale wengine walikuwa wanalala? Hiyo namba hainiambii kitu." Nyabo kwao ni neno la heshima la kumwita mwanamke. Hakuwa na dharau, na hilo liliniudhi zaidi. "Niambie tu, huyu mtoto anaweza kufanya nini?"

Nilifungua mdomo. Mimi ambaye marehemu mume wangu alisema nitamjibu hata Mtume Petro mlangoni, nilitoa maneno matatu tu. "Anaweza mambo mingi," nikasema.

Akaingia ofisini akarudi na vitabu viwili, mtaala wa darasa la nne na wa la tano. Akanipa mkononi. Akasema: "Soma hii yote wakati wa likizo. Shule ikifunguka, mlete. Tutamwangalia kwa hii, siyo kwa namba ya nyumbani."

Nilitembea mpaka Juru nikitukana kimoyomoyo. Asiyekujua hakuthamini, nikasema. Lakini vitabu vilikuwa kifuani kwangu, na nitasema ukweli, nilikuwa nimevikumbatia. Ilikuwa zamani sana tangu mtu anipe kitabu cha kazi yangu.

Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha. Nilikuwa nakisoma kwa kutafuta maneno yanayofanana na ya Kifaransa, mengine nikimwuliza kijana wa dukani Misiera. Nilisoma kwanza kwa kutafuta makosa. Nilitaka kurudi kumwambia yule mama kwamba vitabu vyake ni vya kitoto. Kila ukurasa ulikuwa na mambo ya kufundisha upande mmoja, na upande wa pili yale ambayo mtoto anapaswa kuyaweza baada ya kufundishwa. Aweze kupima. Aweze kugawa. Aweze kusoma habari na kuisimulia kwa maneno yake mwenyewe. Aweze, aweze, aweze, kitabu kizima.

Siku moja nimekaa kwenye tuta, jembe pembeni, nikajikuta nacheka peke yangu. Neno lile nilikuwa nalijua! Huko kwetu, kila somo tuliloliandaa lilianza na mstari huo huo: mwisho wa somo, mwanafunzi atakuwa na uwezo wa kufanya kitu fulani. Tuliuandika kila jioni kwa mwandiko mzuri kwa ajili ya enspekta. Enspekta akija anauona, anatia sahihi, anakunywa chai, anaenda. Halafu mwisho wa mwaka sisi tunahesabu alama na kupanga foleni, nani mbele nani nyuma, na ule mstari hakuna anayeurudia kuuliza: je, ameweza? Sikuwa mimi tu, tulikuwa hivyo milima mizima. Na nakwambia tulikuwa walimu wazuri.

Nikaanza kumpima binti kwa kitabu. Kulikuwa na sehemu, yaani nusu na theluthi na robo. Nilijua hapo atang'aa, alikuwa anaziimba. Nikamwambia: "Tuta hili nataka niligawe fasi tatu sawa sawa. Maharagwe, mahindi, viazi. Nionyeshe."

Alisimama akiangalia tuta. Tuta nalo likamwangalia.

"Mama, hiyo tulikuwa tunafanya kwenye tablo."

"Na sasa hakuna tablo. Kuna tuta."

Alizunguka, akakuna kichwa, akataka kulia, mimi nikataka kumsaidia nikajizuia. Halafu akafungua kamba ya mbuzi wa jirani, akainyoosha kutoka mwanzo wa tuta mpaka mwisho, akaikata kwa jiwe, akaikunja vipande vitatu sawa. Alipopiga kijiti cha kwanza chini alinitazama na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tutoke kwetu. Mbuzi alikuwa amekwisha kwenda, tukamkimbiza pamoja mpaka kwa jirani wa tatu, tukicheka. Jirani yangu wa sombe alitutolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Zile wiki za likizo! Nikipewa siku za kurudia katika maisha yangu, sitaomba siku ya arusi wala siku nilizokuwa na afya na nyumba. Nitaomba zile. Asubuhi tunalima, mchana tunapima. Alipima kiwanja chetu kwa hatua na kwa kamba, akapima maji ya ndoo kwa kikombe, akawauliza majirani umri wa watoto wao akauchora kwa mistari ya kulinganisha. Alinisimulia mambo ya kwetu niliyodhani ameyasahau, sauti ya baba yake akiita ng'ombe, namna ziwa lilivyokuwa linabadilika rangi mvua ikija. Alikuwa mwanafunzi wangu kwa mara ya kwanza, maana kule kwetu alisoma kwa mwenzangu. Nilikuwa nimepata mtoto na darasa fasi moja.

Na ndani ya zile wiki nikaelewa lile ambalo yule mwanamke wa Mbarara alitaka kuniambia akiwa mweupe wa poda. Kwenye foleni yetu, ili mmoja awe wa kwanza lazima mwingine awe wa mwisho, hata kama wote wanajua, hata kama wote hawajui. Kipimo cha kitabu hakiangalii jirani yako. Kinakaa fasi moja, kwa mtoto wa Mbarara mjini na kwa mtoto wa Juru. Ukikifikia umekifikia, na hukumnyang'anya mtu. Nililipenda jambo hilo. Lakini niliona na upande wake wa pili, kwamba kipimo hakijui umetembea kutoka wapi. Hakijui kama ulisoma ukiwa na njaa. Kinauliza tu, unaweza ao bado?

Kwenye Kiingereza ilikuwa bado. Tuliazima kitabu cha hadithi, na binti alikisoma kwa sauti nzuri, mpaka watu wakasimama njiani kusikiliza. Nikamwuliza, mbuzi wa hadithi ameingia wapi? Akarudi mwanzo wa ukurasa. Nikauliza tena.

"Sijui, mama. Mimi nasoma tu."

Tulijitahidi. Kila siku maneno mapya, kila siku hadithi fupi, mimi mwenyewe nikijikwaa mbele yake. Akaanza kushika hapa na pale. Alikuwa na haraka, akisema: "La tano, mama. Wale wa la tano ni wakubwa kama mimi." Aliwataja wasichana wawili wa darasa hilo ambao alikuwa amewaona bombani na waliomsogezea ndoo. Alikuwa na hamu ya marafiki, mtoto wa watu. Hakutaka tena kuitwa mama na mtu yeyote.

Shule ilipofunguka nilimpeleka. Ofisini alikuwapo mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa la tano, mwanamume mpole mwenye miwani. Hesabu alizifanya zote, za la nne na za la tano, na alieleza kwa mikono pale maneno yalipokosekana. Mwalimu wa miwani akatikisa kichwa kwa furaha. Nikapumua. Halafu wakampa habari ya Kiingereza ya ukurasa mmoja, mtu amekwenda sokoni akapotewa na mtoto. Akaisoma vizuri sana. Wakamwambia aisimulie. Akasimulia mwanzo. Katikati akaanza kubuni. Alimtafutia mtoto mama yake kwenye kituo cha polisi, na ndani ya habari hakukuwa na polisi. Alipoacha kusema, alipangusa jasho juu ya mdomo.

Mwalimu wa miwani akasema yeye anaona la tano, hesabu zitambeba. Mwalimu mkuu akasema yeye anaona la nne, maana la tano masomo yote ni kwa Kiingereza, sayansi na mambo mengine, na mtoto anayebahatisha atazama. Hawakugombana. Kisha mwalimu mkuu akanigeukia.

"Mwalimu," akasema.

Nikaangalia nyuma kuona ni nani anayeitwa. Tangu nivuke mpaka nilikuwa mama fulani, nilikuwa mkimbizi, nilikuwa nyabo. Neno lile hakuna aliyenipa. Liliniingia moyoni.

"Mwalimu, wewe umesoma hiyo vitabu. Umekaa na yeye likizo yote. Sisi tumemwona leo tu. Wewe sema. La nne ao la tano?"

Binti aliniangalia. Macho yake nilikuwa nayajua tangu yalipofunguka mara ya kwanza. Alikuwa ananiomba. Na mimi nilikuwa na uwezo, hapo hapo, kwa neno moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilifikiria wale wasichana wa bombani. Nilifikiria wale wenye matumbo. Halafu nikamwona kwenye darasa la tano, anasoma kwa sauti nzuri bila kujua mbuzi ameingia wapi, siku baada ya siku, mpaka aanze kujiona mjinga, yeye ambaye hakuwa mjinga. Kipimo kilisema aweze kusimulia. Hakuweza bado.

"La nne," nikasema.

Alinitangulia njiani mpaka Juru. Nilimwita mara nyingi, hakusimama. Jioni alipika, akanipakulia bugari, akanipa maji ya kunawa, kila kitu kwa adabu. "Ndiyo, mama." "Hapana, mama." Nilijua itapita. Watoto wanakasirika, wanasahau. Ningemwambia nini zaidi ya kwamba nampenda na kwamba nilisema kweli? Nilimwambia yote mawili. "Ndiyo, mama," akasema.

Hakuacha shule, na hilo ndilo nililoliomba kwa Mungu. Darasa la nne benchi lilimtosha. Katikati ya mwaka alikuwa anaota kwa Kiingereza, nilimsikia. Alipanda la tano akiwa amesimama kwa miguu yake, la sita, la saba, akapita mtihani wa mwisho, na wafadhili wakamchukulia nafasi kwenye sekondari moja ya bweni huko Mbarara. Na mimi mwalimu mkuu alikuwa ameniita nisaidie darasa la watoto wapya wanaotoka kwetu, niwapime, niseme kila mmoja akae wapi. Nikarudi kwenye chaki. Watoto walikuwa wanasimama wote pamoja kunisalimia. Nilikuwa na kila nilichokililia, isipokuwa mtu wa kumsimulia jioni. Tangu siku ile ofisini hakukaa tena kwenye tuta na mimi. Mambo ya baba yake hakuyataja tena. Alikuwa mtoto mwema, msaidizi, mwenye heshima, na nilikuwa nikimsikia anavyocheka bombani na wenzake, kicheko kizima, halafu anaingia nyumbani amekiacha nje.

Siku ya wazazi kutembelea watoto, muhula wake wa kwanza kule bweni, nilipanda basi dogo pale Rwekubo na sombe kwenye sufuria, ndagala, wale samaki wadogo, juu yake, nimeifunga kwa kitambaa. Mbarara ilikuwa na jua. Nilimkuta amekua tena. Aliongea Kinyankore na mlinzi wa geti, Kiingereza na wenzake, na mimi akanisalimia kwa Kiswahili chetu, akanitafutia fasi ya kivuli nyuma ya bweni. Alikula sombe kwa mikono, akalamba vidole, na nikafurahi mpaka nikaona haya. Tukazungumza habari za Juru. Jirani wa sombe amegombana na nani, maharagwe yametoka namna gani.

Kisha akafunika sufuria.

"Mama, ile siku ya ofisi. Ulisema la nne."

"Bado unaiwaza?"

"Ulisema kweli. Nimewaona hapa wenye balipandishwa mbio mbio. Banalia. La tano lingenivunja, najua." Alikuwa anakunja kona ya kitambaa, anaikunjua. "Hapana kwamba nina kasirani, mama. Ile tu. Walimu walikuwa wawili mule ndani, balitosha. Mimi nilikuja na mama mmoja."

Neno hilo bado niko nalo. Nimeliwaza mwaka baada ya mwaka, na nikirudishwa pale ofisini leo, wakinigeukia, nitasema la nne, haki ya Mungu, sioni neno lingine la kusema. Lakini siku ile nyuma ya bweni sikuweza kumwambia hivyo, na kitu kingine cha kumwambia sikuwa nacho. Nilimshika mkono. Aliuacha mkononi mwangu kidogo, kisha kengele ikalia, akasimama akapangusa sketi. Akaniaga vizuri, akaniambia nisafiri salama, akaenda na wenzake uwanjani. Nilikuwa bado namwona, hakuwa amefika hata mlango wa darasa, na tayari nilikuwa na hamu naye mpaka inauma.